Dakika Arobaini na Feri Mbili

Kwetu Garnet Bay, mji mdogo wa pwani, hukuhitaji kalenda kujua kwamba leo ni Jumatano. Ilitosha kupita chini ya nyumba ya Reino Kallonen asubuhi, ukasikia matusi. Saa tatu na ushei ndege ya majini ilitokea upande wa visiwani, ikashuka karibu na paa lake, ikatikisa mbawa, moja chini moja juu, kisha ikaenda kutua ghubani mbele ya gati. Reino alitoka barazani na fimbo yake, mguu mmoja umefungwa bendeji, akaitukana ndege, akamtukana rubani, akamtukana na aliyebuni wazo la kuivisha ndege maboya miguuni. Akishamaliza aliingia ndani, akabandika birika, kwa sababu mbawa zile zikitikiswa maana yake ilikuwa moja tu: binti yake Aila yumo ndani.

Tusimpambe mzee huyu. Alikuwa na gubu tangu ujanani, na uzee ulimwongezea inda. Miaka yake yote ya kazi alikuwa serahangi wa feri, mkuu wa mabaharia wa sitahani, mtu wa kurusha kamba, kufungua lango na kuwafokea wenye magari. Alistaafu na sauti yake yote. Majirani aliwagombeza kwa sababu ya mbwa, kwa sababu ya moshi wa kuni, kwa sababu ya theluji waliyoisukuma kwa koleo ikaingia upande wake. Lakini hizo zilikuwa nongwa ndogo ndogo. Chuki yake kubwa, ya kulala nayo na kuamka nayo, ilikuwa ndege ile inayokwenda jiji la Vancouver.

Na neno lililokuwa kinywani mwake siku zote ni kwamba ndege ile haina maana. Alikuwa na hoja, hilo tusimnyime. Ukungu ukilala juu ya maji, ndege hulala. Jua likizama haitembei, na kwetu wakati wa baridi jua huzama watu hawajanywa hata chai ya jioni. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, abiria huambiwa warudi nyumbani wajaribu kesho. Haibebi lori, haibebi ng'ombe, haibebi friji. Nauli ya mtu mmoja ingemtosha mwingine kula wiki nzima. Maji yakipwa sana, gati la kuelea hushuka nayo, na daraja la kuteremkia husimama kama ngazi ya darini, bibi mwenye magoti mabovu atashukaje? Feri, alisema Reino, huenda kwenye ukungu, huenda gizani, hubeba tajiri na maskini, na haimuulizi mtu uzito wake.

Hilo la uzito lilimchekesha na kumkera kwa pamoja. Kwenye kibanda cha gatini, Doreen Maddox, mkata tiketi, alikuwa na mizani sakafuni, na kila abiria alipanda juu yake yeye na mkoba wake, maana ndege ndogo haitaki mchezo. Reino alipokuwa bado na miguu miwili mizima aliteremka makusudi kwenda kuketi pale kibandani, akatoa maoni. Mke wa mwalimu mkuu aliwahi kuulizwa na Reino kama ameweka mawe mfukoni. Doreen, mwanamke mnene mwenye kicheko kifupi, hakuwa mtu wa kuonewa.

"Mzee Reino," alimwambia siku hiyo, "wewe usije ukapanda mizani yangu. Ulimi wako peke yake umeshazidi mzigo unaoruhusiwa."

Watu walicheka wiki nzima. Reino hakurudi tena kibandani, ila hasira alikwenda nayo.

Kwa upande mwingine, na hili Reino hakulisema hata siku moja, Garnet Bay haina barabara ya kutoka. Milima imesimama mpaka baharini. Ukitaka kwenda Vancouver kwa njia ya chini unapanda basi la bandarini alfajiri, unapanda feri ya kwanza, unavuka rasi nzima kwa basi jingine, unapanda feri ya pili, kisha basi la mjini, na unafika wenzako wameshakula mchana. Kwa ndege ilikuwa dakika arobaini, nawe unashukia katikati ya jiji, chini ya majumba marefu, viatu vyako vikavu. Mtu wa hospitali, mtu wa mahakama, mtu mwenye mgonjwa, wote walizijua dakika zile arobaini, wakazilipia wakiguna.

Sasa chuki ya mtu haiji hivi hivi. Mji mzima ulijua ilikotoka, na mji mzima ulinyamaza, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu.

Reino alikuwa na mke, Sylvi. Zamani, kabla ya ndege, mtu wa Garnet Bay hakuweza kuondoka bila Reino kumwona. Mlevi aliyekimbia wadeni, binti aliyetoroka na mpiga gitaa, meneja wa kiwanda cha karatasi aliyehamishwa, wote walipita langoni kwake, naye ndiye aliyefungua kamba. Sylvi angeondoka vipi? Apite mbele ya mumewe na sanduku, mumewe amfungulie njia? Alivumilia miaka mingi kwa sababu mlango wa mji aliushika mume. Kisha kampuni ya akina Pinder ikaleta ndege. Mwaka ule ule wa kwanza, asubuhi moja ya mwezi wa tano, Sylvi alipimwa kwenye mizani na mkoba mmoja, akalipa, akapanda.

Feri ilikuwa katikati ya mlango wa bahari. Desturi ya marubani wetu ni kuitikisia feri mbawa wakipita juu yake, salamu ya chombo kwa chombo. Ndege ikatikisa mbawa. Reino alikuwa sitahani, na siku hiyo alikuwa na furaha, sijui kwa nini, kwa sababu kulikuwa na jua labda. Akavua kofia, akaipungia ndege, akapunga mpaka ndege ikapotea. Aliporudi jioni alikuta barua ya maneno machache mezani, na Aila wa miaka kumi na mitano akikaanga mayai.

Alimpungia mkono mkewe akimkimbia. Mtu asamehe hilo? Wengine wangesamehe, pengine wangecheka uzeeni. Reino hakuwa wa hao. Hakumchukia Sylvi kama alivyoichukia ile ndege, na Aila, aliyebaki naye, akawa ndiye wa kulipishwa.

Aila alikua, akasoma, akaenda Vancouver kufanya kazi ya kupima damu katika maabara ya hospitali. Akaolewa, akaachika. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mguu wa baba ulipoanza donda lisilopona, la wenye sukari, zahanati yetu ilimtuma muuguzi kila wiki kuja kulisafisha. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, lakini Reino alimwambia muuguzi toka, tena kwa kumtajia mlango uko wapi. Akaja wa pili, naye akaambiwa. Zahanati ikachoka. Hapo ndipo Aila alipoanza kuja Jumatano kwa ndege ya asubuhi na kurudi kwa ndege ya alasiri. Alisafisha donda, akafunga bendeji mpya, akapika supu ya samoni na viazi na maziwa, akawasha moto wa bafu la mvuke nyuma ya nyumba, akamkata baba kucha. Bila Jumatano zile mguu wa Reino ungeoza, na Reino mwenyewe asingeongea na kiumbe chochote zaidi ya redio. Kila mtu alilijua hilo, na yeye alilijua zaidi ya wote.

Ungedhani angeshukuru. Aila akiingia tu, kabla hajavua koti, baba alianza. Leo wamekupima kilo ngapi? Mshahara wako wote unawatajirisha akina Pinder. Mumeo alikuwa mpumbavu lakini kwa kukuacha alitumia akili. Unatembea kama mama yako. Kwa nini huji kwa feri kama binadamu? Aila alikuwa mtu wa maneno machache. Alipiga magoti sakafuni, akafungua bendeji, akafanya kazi yake. Mara moja tu, Doreen anasema, alishuka gatini macho mekundu, na alipoulizwa akasema ni moshi wa bafuni.

Kisha Reino alifanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya. Rubani, Tobin, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu, ndiye aliyekuwa akishuka juu ya nyumba na kutikisa mbawa kila Aila anapokuwamo. Alikuwa akimsaidia mzee, ili birika liwe tayari na mlango uwe wazi. Hakujua habari za Sylvi, alikuwa hajazaliwa. Reino akaandika malalamiko kwa wakaguzi wa usafiri wa anga kwamba rubani anaruka chini kupita kiasi juu ya makazi ya watu. Na ilikuwa kweli. Tobin akaonywa kwa maandishi, na tangu hapo ndege ikawa inapita mbali, juu, bila salamu. Reino akashangilia. Jumatano iliyofuata Aila alifika akakuta mlango umefungwa, birika baridi, na baba amelala kwenye kiti. Akabisha mpaka mikono ikamuuma kwa baridi.

"Mbona hukufungua?" alimuuliza alipoingia.

"Ningejuaje kama umekuja?"

Aila akabandika birika mwenyewe. Tangu siku hiyo, nadhani, alianza kufikiri.

Mwaka huo huo gati liliharibika. Nguzo zinazolishika lisielee mbali zilikuwa za miti ya zamani, zimeliwa na wadudu wa baharini, na mhandisi akasema zisipobadilishwa ndege hazitaruhusiwa kufunga kamba hapo. Akina Pinder hawakuwa na fedha hiyo, wana ndege mbili tu. Gati ni la mji. Basi halmashauri ikaitisha mkutano wa wananchi, Jumatano jioni, mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa michezo ya barafu: tutie kodi zetu katika nguzo mpya, au tuiache ndege ife? Swali lilikuwa hilo hilo la Reino la miaka yote. Je, ndege hii ina maana?

Alijitayarisha kama bwana harusi. Alivaa suti ya mazishi na kofia ya serahangi, akachukua fimbo, akakataa kupakiwa kwenye gari la jirani kwa sababu ya ugomvi wa mbwa, akaenda kwa teksi. Ukumbi ulijaa. Aila naye alikuwapo, nyuma kabisa karibu na mashine ya kahawa. Alikuwa amekuja asubuhi kama kawaida, akamfunga mguu, na badala ya kuondoka alasiri akakaa.

Doreen alizungumza kwanza, akaieleza habari ya wanaokwenda kusafishwa figo, ya wajawazito, ya seremala aliyekatika vidole akafika navyo hospitali vikiwa bado vinafaa kushonwa. Alizungumza vizuri ila alilia, na watu wetu hawapendi mtu kulia mbele ya halmashauri. Akafuata Reino.

Na alikuwa mzuri, tumpe haki yake. Hakufoka. Alitaja ukungu, na kila mtu akakumbuka siku yake ya kukwama. Alitaja giza la mwezi wa kumi na mbili. Alitaja ngazi ya maji kupwa na mama mmoja aliyeteremka akiwa ameketi, ngazi moja baada ya nyingine, watu wakicheka. Aliuliza kwa nini mkata kuni alipe kodi ili wakili awahi chakula cha mchana. Ndege inaondoka nusu tupu, alisema, macho yangu yanaiona kutoka barazani. Watu wakapiga makofi. Makofi yakamlewesha, mdomo ukaanza kuponza kichwa.

"Na hao wanaopanda ni nani?" akasema. "Wenye mifuko minene, na wajinga. Nawajua wajinga hao. Mmoja ni binti yangu. Anatupa mshahara wake angani kila wiki, na anachokileta hapa ni supu."

Ukumbi ukacheka. Aila akaweka kikombe chini, akaja mbele taratibu kati ya viti. Meya akampa nafasi. Hakushika kipaza sauti, lakini tulimsikia sote.

"Mimi ndiye huyo binti," alisema. "Baba kasema kweli. Ukungu unaizuia, giza linaizuia, na nauli inauma. Haina maana. Ifungeni."

Reino akatabasamu. Akageuka kuwatazama watu, kama mtu anayeonyesha samaki mkubwa.

"Lakini msiifunge kwa ajili ya nguzo," Aila akaendelea. "Ifungeni kwa ajili yangu. Kila Jumatano naja kumfunga mtu huyu mguu, na kila Jumatano ananiambia nimenenepa, nimeachwa kwa haki, nafanana na mama yangu. Nimekuwa nikitafuta sababu ya kutokuja. Miaka naitafuta, siipati. Dakika arobaini si sababu, jamani. Nitamwambia nani kwamba dakika arobaini zimenishinda? Feri mbili ni sababu. Nipeni feri mbili."

Akarudi kuketi. Hakuna aliyecheka wala kupiga makofi. Reino bado alikuwa amesimama, tabasamu limebaki usoni kwa sababu hakujua alipeleke wapi. Meya akamwambia, kwa upole, "Asante, Mzee Kallonen," ndipo akaketi.

Kura ilipigwa, gati likashindwa. Wapo wanaosema madiwani walikuwa wameshaamua tangu mwanzo, fedha hazikuwapo. Na iwe hivyo. Ndege ilipewa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Nje ya ukumbi Reino alimngoja binti yake kando ya teksi, mlango wazi.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Ila ungesimama wima."

Aila akampita. Alilala kwa Doreen usiku ule.

Hata hivyo aliendelea kuja, mwezi wa saba, wa nane, wa tisa. Ndege ilikuwa bado ipo, na dakika arobaini si sababu. Alifanya kazi yote kama zamani. Tofauti ilikuwa kwamba baba alipunguza maneno. Alikaa na mguu juu ya kigoda, akafungua mdomo, akafunga. Aliwahi kusifu supu. Aila akasema samoni wa msimu huu ni wazuri, basi.

Jumatano ya mwisho alimwachia mezani boksi la bendeji, dawa na mkasi, akamwonyesha namna ya kujifunga, akarudia mara mbili. Kisha akashuka gatini. Doreen akampima, wakakumbatiana. Reino alibaki barazani. Ndege ilipaa, ikazunguka juu ya ghuba, na Tobin, ambaye sasa hakuwa na kazi ya kupoteza, akaishusha juu ya paa la mzee na kutikisa mbawa, moja chini moja juu. Mkono wa Reino ukanyanyuka wenyewe mpaka kifuani. Hapo akaukumbuka mwezi wa tano ule, na kofia, na jua. Akaushusha mkono, akaushika kwa ule mwingine. Aliogopa, hakuna neno jingine. Aliogopa kupunga.

Garnet Bay ikatulia. Wengine walisema afadhali, sasa watoto wanalala. Seremala wa vidole hakusema kitu. Reino alikuwa ameshinda, na mshindi hakupata mtu wa kumpongeza. Kila Jumatano saa tatu na ushei alitoka barazani na kutazama upande wa visiwani. Hakukuwa na kitu cha kutukana. Alibandika birika hivyo hivyo, likachemka, akaliepua.

Aila alipiga simu Jumapili. Mazungumzo yalikuwa mafupi: mguu vipi, unakula, kumenyesha. Mara moja Reino alijikaza akauliza atakuja lini.

"Krismasi, kama njia itakuwa nzuri."

"Feri zipo kila siku."

"Ndiyo, baba. Zinachukua siku nzima."

Ni yeye aliyesema miaka yote kwamba feri ndiyo ya binadamu, na ndege akaipinga mbele ya mji mzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kujifunga bendeji hakuweza, macho hayaoni chini na mgongo haupindi. Kwenda zahanati aliona haya, wauguzi wale wale. Kufikia mwezi wa kumi na moja harufu ya donda ilikuwa inamwamsha. Jumatano moja, kabla ya mapambazuko, akavaa koti na kofia ya serahangi, akapanda basi.

Feri ya kwanza ilikuwa yake, ile ile, imepakwa rangi mpya. Mabaharia walikuwa wageni. Walimwomba asogee asisimame langoni. Akaenda kuketi ndani, pahali ambapo kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kuketi, akashangaa jinsi viti vilivyo vigumu na jinsi injini inavyotikisa mfupa. Mguu haukutaka kuning'inia. Basi la rasini lilikuwa na kona nyingi na dereva mwenye haraka, na mguu ukavimba mpaka kiatu kikakaza. Kwenye feri ya pili walichelewa, foleni ya malori. Akaupandisha mguu kwenye kiti cha mbele yake. Mwanamke mmoja na mwanawe waliokuwa jirani wakanusa, wakatazamana, wakahamia upande wa dirishani. Hakuna aliyemuuliza uzito wake. Hakuna aliyemuuliza chochote. Ng'ambo ya dirisha ukungu ulikuwa mzito, feri ikapita ndani yake bila shida, kama alivyosema siku zote. Hoja yake ilikuwa sahihi, na alitamani mtu aje aichukue.

Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atamwambia Aila kwamba atakwenda kwa halmashauri, atavua kofia, atawaomba waweke nguzo. Atasema alikosea. Neno hilo alilijaribu kimya kimya kwenye basi la mjini, nalo likamkwama.

Ilikuwa saa nane mchana alipogonga mlango wa Aila, ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Aila alifungua nywele zimelowa, taulo begani. Siku hizi Jumatano alikuwa akienda kuogelea. Alionekana mtu aliyelala vizuri. Alimtazama baba usoni, akamtazama mguuni.

"Umekujaje?"

"Kwa feri. Mbili."

"Najua ni mbili."

Reino akatafuta yale maneno aliyoyabeba tangu alfajiri. Hayakuwapo. "Umekonda," akasema, na kwake yeye hilo ndilo lilikuwa ombi lake lote la msamaha. Aila alimwingiza, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni, akaleta beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti. Alipofungua bendeji alifumba macho kidogo, kisha akaendelea. Alisafisha polepole, bila kumuumiza, mikono ile ile. Reino alitazama utosi wake, nywele zinazodondosha maji, akaona mvi mbili tatu ambazo hakuwa amewahi kuziona. Akafikiri kwamba akitulia hivi, asipofungua mdomo kabisa, huenda ikawa kama Jumatano za zamani, na jioni ikaingia, na akaambiwa alale kwenye kochi lile pale.

Aila akafunga fundo, akakata kwa mkasi. Akamwambia akamwone muuguzi wa zahanati kesho bila kukosa, na asimtukane. Akasimama, akanawa mikono, akaifuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja. Kisha akatazama saa ya ukutani.

"Baba," alisema, "feri ya mwisho siku hizi inaondoka saa ngapi?"

Reino Kallonen alizijua saa za feri kama mtu anavyolijua jina lake. Angeweza kusema imeshaondoka. Angeweza kusema sijui, mimi mzee, nimesahau. Alitazama kochi.

"Saa kumi na nusu," akasema.

"Basi utaiwahi," Aila akasema, akaenda kumletea koti.